Bahati Mbaya, Wameweka Lami

Kuna sentensi moja nimeshaisoma mara nyingi mno. Kila mwaka, Krismasi ikiisha na Pasaka ikiisha, inarudi. Huandikwa na watu waliotoka likizo na pikipiki zao. Wanasimulia njia walizopita, tope lililowakwamisha, korongo walilovuka kwa kusukumana, halafu wakifika kipande fulani wanaandika: "Bahati mbaya, hapa siku hizi wameweka lami." Kisha safari inaendelea, wakitafuta mahali ambapo lami haijafika.

Leo nataka tuikalie hiyo sentensi. Najua ni ndogo, na walioiandika hawakukusudia ubaya wowote. Baadhi yao ni rafiki zangu, na wakisoma hapa watanipigia simu. Wapige tu.

Bahati mbaya ya nani? Aliyeandika alipita pale mara moja, asubuhi, ameshiba chapati na supu, na jioni alikuwa na chumba kinamsubiri. Mwanamke anayekaa pale amepita njia hiyohiyo usiku, uchungu umeshamshika, amekaa katikati ya dereva na shangazi yake, mishikaki kama tunavyosema, kwa sababu gari lisingefika. Huyo akiiona lami hasemi bahati mbaya. Na huyo hayumo kwenye makala. Angekuwamo, sentensi ile isingeandikika.

Hoja yangu ndiyo hiyo, na niiseme wazi. Uandishi wetu wa safari za pikipiki umejengwa juu ya ubovu wa barabara za watu wengine. Njia inasifiwa kadiri inavyomtesa anayepita. Mwandishi anateswa siku 4 na kurudi mjini na picha, kwa hiyo kwake mateso ni burudani. Wanaoteswa mwaka mzima inabidi waondolewe kwenye ukurasa, maana wakibaki burudani inaingia doa. Silileti hili kama somo la maadili. Ni tatizo la uandishi. Linatupa maandishi ya uongo, na maandishi mabaya.

Nisieleweke vibaya. Pikipiki naipenda, na njia za vumbi nazipenda zaidi. Ukiwa juu ya pikipiki unaijua nchi kwa namna ambayo basi haikupi. Baridi ya bonde unaisikia kabla hujaliona bonde lenyewe. Kijiji unakijua kwa moshi wa kuni kabla ya nyumba ya kwanza. Unajifunza kusimama juu ya vikanyagio, kulegeza mikono, kuiacha pikipiki icheze chini yako, na kwenye mteremko wa utelezi kuacha gia namba moja ikushikie mwendo badala ya kugusa breki ya mbele. Ni raha ya kweli na sioni aibu kuisema. Anayefanya kazi mwaka mzima ana haki ya kwenda kuchafuka siku chache. Ninachogombana nacho ni kile kinachoandikwa baada ya kuoga.

Mapenzi haya ya njia mbovu tumeyachukua kwenye vitabu na filamu. Ted Simon aliondoka London mwaka 1973 na Triumph ya cc 500, akaizunguka dunia kwa miaka 4, akapita Kenya na Tanzania, na kitabu chake Jupiter's Travels kikatoka mwaka 1979. Mwaka 2007 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman wakatoka Scotland mpaka Cape Town kwa pikipiki za BMW zenye uzito wa zaidi ya kilo 250 kila moja, wakatengeneza Long Way Down, filamu na kitabu. Vijana wengi wa mijini kwetu walionunua pikipiki kubwa walianzia hapo. Siwalaumu waandishi hao. Mgeni anaandika ugeni wake, na Simon, kwa mfano, anajua kukaa na watu na kuwasikiliza. Kwake yeye njia ya Afrika ilikuwa ngeni kweli. Tatizo ni sisi. Sisi tumeazima macho ya mgeni tukayavaa nyumbani kwetu.

Tuchukue mfano mmoja ambao waendesha pikipiki wote wa Afrika Mashariki wanaujua, barabara ya kaskazini mwa Kenya, kutoka Isiolo kupitia Marsabit hadi Moyale. Kwa miaka mingi ilikuwa jina la kutisha na kutamanisha: mawe yanayokula tairi, vumbi lililojikunja mawimbi mawimbi yanayokata shokapu, joto, na wasiwasi wa majambazi. Ukiimaliza salama ulikuwa na hadithi ya kusimulia mpaka uzeeni. Lakini kwa wenyeji wa Marsabit ilikuwa ni kupanda juu ya lori, juu ya mbuzi na magunia, siku kadhaa za vumbi ili kufika Nairobi. Walikuwa wakisema wanakwenda Kenya. Kufikia mwaka 2017 lami ilikuwa imefika Moyale, na safari ya siku kadhaa ikawa ya siku moja. Mpaka leo utawasikia waendesha pikipiki wa masafa wakiikumbuka barabara ya zamani kwa huzuni, kama mtu anayekumbuka ujana. Sawa, wana haki ya kumbukumbu zao. Lakini ukiweka huzuni hiyo kwenye karatasi pasipo kuweka kando yake yule abiria wa juu ya mbuzi, umeandika nusu ya barabara na kuiita barabara nzima.

Sasa turudi kwetu, nizungumzie ninapopajua kwa miguu na kwa tairi: Usambara.

Lami inapanda kutoka Mombo, inapita Soni, inafika Lushoto. Ukishaiacha, ukaipita Magamba na msitu wake, ukashika upande wa Lukozi kwenda Mtae, unaingia kwenye njia ambazo makala za likizo huziita pori. Mtae iko ukingoni kabisa mwa milima. Ukisimama pale, chini yako ni tambarare ya Mkomazi, na jua likianza kuzama unaelewa kwa nini watu husafiri kutoka mbali kuja kusimama tu. Nilikwenda likizo, siku 4, na pikipiki ya kukodi ya cc 250 yenye tairi za meno. Mbele yangu alitangulia dereva wa bodaboda wa Lushoto, kijana wa miaka ishirini na kitu, na Boxer yake ya 150, tairi zake za kawaida, ya nyuma imeanza kuwa kipara.

Neno la kwanza la kulitupa ni hilo "pori". Kati ya Lukozi na Mtae kila mteremko umelimwa. Kabichi, karoti, viazi, maharage. Neno la pili ni "njia iliyosahaulika", ambalo nalo nimelisoma mahali zaidi ya pamoja. Jamani, Usambara njia isiyopitwa masika moja tu inafungwa na majani. Ukiikuta iko wazi, upana wa tairi, udongo umeshindiliwa mpaka unang'aa, ujue kuna mtu amepita asubuhi hiyo na gunia mgongoni au kwenye keria. Na neno la tatu ni "kugundua". Mwaka 1858 Speke alifika Nyanza na dunia ikaambiwa ziwa limegunduliwa, wakati msafara wake ulikuwa na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi waliofika pale siku hiyohiyo kwa miguu yao, na ufukweni kulikuwa na watu wanavua samaki. Tumelicheka sana hilo madarasani. Halafu tunapanda pikipiki Dar es Salaam, tunafika nyuma ya shamba la kabichi la mtu, na tunaandika tumegundua njia.

Njia hizo ni za sokoni. Kabichi inaanza safari kichwani, ikifika kwenye njia inapanda pikipiki, pikipiki inaipeleka mpaka pale lori linapoweza kufika, na lori linashuka nayo kwenda Dar es Salaam. Kipande cha katikati, cha pikipiki, ndicho mwendesha pikipiki wa likizo anachokwenda kukichezea. Mvua ikinyesha kipande hicho kinateleza kama sabuni. Kwa mwandishi wetu hapo ndipo utamu unapoanza. Kwa mkulima, kabichi inabaki shambani, inaanza kuoza kwa nje, na dalali anayejua kwamba haina pa kwenda anashusha bei. Tope ni lilelile, siku ni ileile.

Yule kijana alinifundisha mengi ambayo hayamo kwenye video za kufundishia. Kwenye mteremko wa mfinyanzi alisimama, akatoa cheni kuukuu kwenye kiroba, akaizungushia tairi la nyuma na kuifunga, akapita. Alijua kona ambayo maji huikata usiku na asubuhi unakuta shimo jipya. Alijua nani anauza petroli kwenye chupa za maji na nani anaichanganya. Shokapu za nyuma alikuwa ameziongezea springi ili zibebe gunia mbili za karoti. Siku ya pili pikipiki yangu iligoma kwa maji yaliyoingia kwenye plagi. Alitumia dakika chache na kipande cha kitambaa, mimi bado natafuta kitabu cha maelekezo.

Ujuzi wa namna hii unajulikana duniani kote na kila mara unasahaulika. Katika safari ya kwanza ya McGregor na Boorman, Long Way Round ya mwaka 2004, pikipiki ya mpigapicha wao ilivunjika fremu kule Mongolia. Wakamnunulia pikipiki ndogo ya Kirusi, ya bei rahisi, wanayoitumia wenyeji, na kwenye matope yale ikapita vizuri kuliko yale majabali ya BMW. Ni sehemu ninayoipenda kuliko zote katika filamu ile, kwa kuwa pale safari inaacha kidogo kuwa habari ya mashine na kuwa habari ya mahali. Nchi yenyewe ilikuwa imeshachagua pikipiki yake.

Usiku wa pili, Mtae, tukiwa tunakunywa chai ya tangawizi, yule kijana akaniuliza: "Dada, nikuulize kitu. Hii njia ninyi mnaipendea nini hasa?"

Nikamwambia watu wanapenda kwa kuwa ni ngumu.

"Kwa hiyo ikiwa ngumu ndiyo nzuri?" Akacheka, kicheko cha mtu anayehofia kumkosea adabu mteja. "Mimi nikipata hela ya likizo nakwenda pa lami. Nalala."

Nikamwuliza, je, lami ikifika huku juu? Hapo alinyamaza kidogo. Akasema kenta zitafika mpaka mashambani, zitabeba mzigo wote, na yeye na wenzake wa kijiweni wengi watakosa kazi. Mkataba wa pikipiki alikuwa bado hajaumaliza. Kila wiki anapeleka hesabu kwa tajiri, na miezi iliyobaki aliihesabu kwa vidole mbele yangu. Lami ikija kabla ya mkataba kuisha, pabaya. Halafu akasema, "Ila mke wangu yuko huku juu, na mtoto. Ije tu."

Hapo ndipo naomba tusimame. Katika watu wote niliowasoma wakilalamikia lami, na katika wote niliokutana nao milimani, huyu ndiye mtu mmoja niliyemwona ana haki kamili ya kusema "bahati mbaya, wameweka lami". Itamnyang'anya kazi. Amepiga mahesabu yake, na amesema ije. Ukiwa na mtu kama huyo mita 2 mbele yako siku 4 nzima, halafu ukarudi mjini ukaandika kwamba ulikuwa "wewe, pikipiki, na ukimya wa milima", umeona nini? Hata kwa kipimo cha sanaa tupu, umeacha hadithi nzuri kuliko zote ubavuni mwa njia ukaleta picha ya machweo.

Mtu ataniuliza: mbona nawe hukutaja jina lake? Swali zuri. Nilimwuliza kama anataka niliandike. Akakataa palepale. Mkataba wake unasema chombo kikae mjini kikibeba abiria, na tajiri akisoma mahali kwamba kilikwenda Mtae siku 4, kitachukuliwa. Kwa hiyo hata ule ushauri rahisi tunaopeana siku hizi, kwamba tuwataje wenyeji wetu majina na mambo yataisha, hautoshi. Jina linaweza kumponza mtu. Tunachodaiwa ni kigumu zaidi ya jina. Tunadaiwa kumwandika akiwa na akili yake, mahesabu yake, maswali yake, na kuyaacha maswali hayo yatuchome. Lile swali lake, ikiwa ngumu ndiyo nzuri, limebomoa makala nyingi nilizokuwa nazisifu.

Na mahali penyewe pana kumbukumbu, hata pale tunapoona mandhari tu. Siku moja tuliingia Mlalo. Bonde lile linapendeza kwenye picha, miteremko inashuka kama ngazi. Lakini udongo ule uliwahi kuwa uwanja wa ugomvi mkubwa. Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianzisha hapo Mlalo mpango wake wa kuhifadhi udongo, baadaye ukaenezwa Usambara kwa upana. Wakulima walilazimishwa kulima matuta kwa namna waliyoamriwa, kazi nzito, na nyingi ya kazi hiyo iliangukia mabega ya wanawake. Wasambaa waliukataa, wanawake wakiwa mstari wa mbele, na hasira ile ikawa moja ya mito iliyoijaza TANU milimani. Steven Feierman aliandika kitabu kizima juu ya fikra za wakulima hao, Peasant Intellectuals, mwaka 1990. Tazama alivyowaita. Wakulima wenye fikra zao, wanaobishana juu ya mvua, ardhi na utawala. Ukipita na pikipiki katikati ya mabishano ya namna hiyo ukaandika "mandhari ya kuvutia", hujadanganya, lakini umesoma jalada la kitabu tu.

Sasa niwageukie wenzangu wa kazi, maana sisi waandishi wa habari hatumo salama. Dereva wa bodaboda kwenye kurasa zetu anajulikana kwa sura tatu: amekufa, ameua, au amempa mwanafunzi mimba. Tangu serikali ilipotunga kanuni za kuwapa leseni ya kubeba abiria mwaka 2010, kazi hiyo imekuwa moja ya kazi kubwa za vijana nchini, na sisi bado tunaitazama kupitia dirisha la chumba cha wagonjwa wa ajali. Ajali zipo, tena nyingi, na lazima ziandikwe. Lakini mtu anayeijua kila kona ya wilaya yake, anayejua nani anaumwa, nani amevuna, nani amehama usiku, huyo kwa desturi za zamani angeitwa msimuliaji. Hadithi fupi zetu nazo, zile chache zinazompa nafasi, humpakia kwa ukurasa mmoja ili amfikishe mhusika mkuu mahali anapokwenda. Akishalipwa anatoweka.

Na ajabu yenyewe ni kwamba nathari ya safari kwa Kiswahili haikuanza hivyo. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Ujerumani kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Humo yumo Selim bin Abakari, aliyesafiri mpaka Urusi na Siberia mwaka 1896 akiwa mtumishi wa bwana wa Kijerumani. Mtumishi ndiye aliyesimulia. Aliyefungua mizigo na kuifunga, aliyetazama baridi na watu na vyakula kwa jicho la mtu aliye kazini, ndiye aliyetuachia maandishi. Najua kitabu kile kilitengenezwa chini ya kivuli cha ukoloni, na Velten alikuwa na sababu zake. Hata hivyo wazo lililomo ni letu kulirithi: safari inaweza kusimuliwa na anayefanya kazi ndani yake. Zaidi ya miaka 120 baadaye tumerudi nyuma ya hapo. Tuna simu zenye kamera, tuna blogu, tuna wahariri, na aliyetangulia mbele na Boxer hana sentensi.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: likizo ni likizo, si semina ya maendeleo vijijini. Mtu anataka kupumzisha kichwa. Nakubali kabisa, na ndiyo maana sijamwambia mtu asiende. Ukitaka kupumzika, pumzika, piga picha, tuma kwenye kundi la familia. Ukiandika makala na kuileta kwa wasomaji, hapo umetoka likizo. Umeingia kazini, na kazi ina vipimo vyake.

La pili: wasafiri huacha pesa vijijini. Kweli, huacha. Mimi niliacha, ya chumba, ya chakula, ya dereva. Malipo ya chumba ni malipo ya chumba. Hayanunui haki ya kumfuta mtu kwenye ukurasa.

La tatu ni zito zaidi: lami nayo ina maovu yake. Inaleta mwendo kasi na ajali. Inaleta wanunuzi wa viwanja wenye magari makubwa, na mzee anauza ekari zake kwa bei ya kutupwa. Inaweza kukata vyanzo vya maji ikichongwa ovyo. Haya yote ni kweli, na anayetaka kuandika dhidi ya lami kwa hoja hizo mimi nitamsoma kwa makini. Lakini aangalie hoja hizo zinatoka wapi. Zinatoka kwa watu wanaokaa pale. Yule anayelilia tope lake la likizo hana hata moja kati yake. Anasema "bahati mbaya" kisha anageuza pikipiki.

La nne ni la wenzetu wapenda fasihi hasa: kwamba mwandishi wa safari anaandika safari ya ndani, nafsi yake, na barabara ni kioo tu. Sawa. Basi tumtazame bingwa wa jambo hilo. Che Guevara na Alberto Granado walipoanza safari yao ya Amerika Kusini walikuwa na Norton ya cc 500. Pikipiki ile ilikufa Chile, mwaka 1952, na njia kubwa iliyobaki waliimaliza kwa kudandia malori, kwa miguu, kwa mashua. Kitabu kinaitwa shajara za pikipiki, lakini kinaanza kuwa kitabu kikubwa pale pikipiki inapokufa na vijana wawili wa mjini wanalazimika kuwaomba watu lifti na mahali pa kulala, na kuwasikiliza. Nafsi yake ilibadilika kwa sababu watu waliingia ndani yake. Kioo kisicho na mtu mwingine ndani kinakuonyesha helmeti yako tu.

Kuna gharama ya haya yote nje ya fasihi, nayo ndiyo inayonifanya nisinyamaze. Mahali panapoandikwa mara kwa mara kama pori, patupu, pa kugunduliwa, hatimaye panashughulikiwa kama patupu. Anayepanga bajeti anasoma. Mwekezaji anasoma. Mtoto wa Mtae aliyefika chuo kikuu naye anasoma, akakuta nyumbani kwao kunaitwa mahali ambapo hakuna mtu. Wasomaji wetu si wengi, tunajua, lakini lugha haihitaji wengi ili ienee. Sentensi moja ya uvivu inanakiliwa kwenye kipeperushi, kisha kwenye hotuba, kisha kichwani mwa mtu mwenye mhuri.

Kwa hiyo ombi langu kwa mnaojiandaa kwa likizo ijayo, mkakaza cheni na kupunguza upepo wa tairi, ni dogo. Nendeni. Mchafuke, mwanguke, mcheke. Mkirudi, kabla hamjaandika neno "pori", kumbukeni ni nani aliyelima pembeni. Kabla ya "hakuna mtu", hesabuni mliosalimiana nao. Jaribuni hata mara moja kumwandika aliyewatangulia kwa urefu uleule mnaouandikia mlima. Na mkifika penye lami mpya, sentensi ya kuandika ipo, fupi kuliko ile ya zamani: "Hapa wameweka lami." Halafu simamisheni pikipiki, zimeni injini, mmwulize mtu wa kwanza mtakayemkuta kandokando ya barabara imemfanyia nini. Atakachowajibu ndicho kianze aya inayofuata.